Taa za Ghorofa ya Tatu

Sheria ilitaka kila jengo la biashara lifungwe taa mpya za LED, zile zinazogeuka njano mtu akisema uongo chini yake. Fundi umeme Mashauri alizifunga ghorofa ya tatu, kwenye duka la ushonaji la mkewe, Kabula. Alipomaliza, akamwita.

"Ingia, mama Lusia, uone zinavyong'aa."

Kabula akabaki mlangoni, futi shingoni. "Naziona hapahapa."

Mashauri akaingiwa na wasiwasi. "Juzi ulilala kweli kwa dada yako?"

"Njoo tuongelee koridoni."

Koridoni bado kulikuwa na tyubu za zamani. Mashauri akateremka haraka kwenye ngazi yake ya kufungia taa, akamfuata.

"Nililala kwa dada," Kabula akasema, akimtazama usoni. Tyubu ikaendelea kuunguruma tu, nyeupe vilevile. "Na wewe mbona umekimbilia huku nje? Ungeniuliza ukiwa humo humo ndani."

Kabula akashuka kwenda kununua uzi.

Alasiri msimamizi wa jengo akapiga simu kuuliza kama koridoni kumekamilika. Mashauri akatazama juu, akahakikisha amesimama chini ya tyubu ya zamani.

"Tayari, bosi," akasema. "Zote nimebadilisha."