Pini ya Ninahazwe

Pini iliyobana suruali kiunoni ilikuwa ikimchoma Ninahazwe tumboni tangu asubuhi, lakini kwenye gwaride la walinzi mtu hajikuni.

Chef, mkuu wa walinzi, alisimama mbele yake, akatia vidole viwili kwenye kiuno cha suruali ya Ninahazwe, akavuta. Ilikuwa suruali ya kiume, ile ambayo kampuni inawapa walinzi wote bure. Ingemeza wanawake wawili kama yeye.

"Mama, hii ni gunia. Ya wanawake iko, nilikwambia. Four-fifty, tunakata kwa mshahara."

"Wanaume wanalipa ngapi, chef?"

"Wao, ya bure inawatosha." Hakumtazama usoni. "Ununue leo, ao urudi nyumbani."

Malori yalikuwa yameshapanga foleni kwenye geti la kiwanda. Wanaume thelathini walikodolea macho ukuta. Wanawake watatu waliosimama kando yake nao walikuwa wamebana magunia yao kwa pini.

Ninahazwe alichomoa pini, akaiweka kwenye kiganja cha chef. Suruali ikaporomoka hadi kwenye buti. Akabaki wima na taiti yake nyeusi, mikono ubavuni, kama gwaride linavyotaka.

"Gunia lako hilo, chef."

Kabla chef hajafumba kiganja, mkono mwingine wa kike ulimwekea pini ya pili.