Lelemama Juu ya Kinu

Bakuli lilianguka kwa mara ya nne, na maji yote yakammwagikia Radhiya kifuani.

"Jaza," akasema Bi Rahima.

Hakuinuka kitini. Alikuwa amekaa upande wa kivuli, mguu juu ya mguu, akipuliza kahawa yake, na mwiko umelala mapajani. Radhiya akashuka kwenye kinu kilichopinduliwa, akaenda kisimani, akateka, akarudi, akapanda tena. Akaliweka bakuli kichwani. Mikononi alishika vifuu viwili vya nazi vilivyofungwa matambara ili visilie.

Maana mlio ulikuwa marufuku. Tangu watu wa mtaa wa Mkomani na wa mtaa wa Langoni walipopigana mafimbo uwanjani na mpiga zumari akapasuliwa kichwa, serikali ilikuwa imefunga uwanja wa ngoma kwa miezi mitatu. Ngoma zenyewe, pamoja na bao refu wanalosimama juu yake wachezaji, vyote vilichukuliwa.

"Ngoma zetu zimo ngomeni, zalala na wezi wa kuku," Bi Rahima alipenda kusema. "Lakini maguu yetu hawakuyachukua."

Basi lelemama, ngoma ya wanawake, ikafundishwa uani, kimyakimya. Anayeweza kusimama juu ya kinu na maji kichwani, mikono ikienda, shingo ikienda na kiuno kimetulia, huyo uwanja ukifunguliwa ataweza kusimama juu ya bao, bega kwa bega na wenziwe kumi na wawili. Mmoja akiyumba, bao zima huyumba.

"Tuku, tuku, ta," Bi Rahima akahesabu kwa mdomo. "Mato yuu! Watafuta nini chini, umeangusha pete?"

Radhiya akainua macho.

"Na huo mkono wa kushoto, ni mkono huo au kasia?"

Mwiko ukamwangukia kwenye kifundo cha mguu.

"Rahima, waniumiza!"

Mwiko ukarudi palepale, mkali zaidi.

"Nani?"

Radhiya akajirekebisha. "Bi Rahima."

"Sema tena, na Mwanaarabu asikie."

"Bi Rahima."

Mwanaarabu, ambaye alikuwa mchezaji wa kwanza wa chama cha Bi Rahima, alikuwa mkekani akichagua mchele. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mrudishe kwao, shoga. Kuku aliyenyeshewa ana madaha kuliko huyu."

"Kwao ndiko alikoharibikia," akasema Bi Rahima.

Radhiya alitamani kuwamwagia maji wote wawili. Hakuthubutu. Harusi yake ilikuwa wiki ya pili baada ya uwanja kufunguliwa, na mama wa bwana harusi, mtu wa Siyu, alikuwa ameshaleta neno: pasipo lelemama ya Bi Rahima, mwanawe hatoki Siyu. Na chama cha Bi Rahima kilikuwa na sheria moja, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka. Hakichezi ila kwenye harusi ya mwanachama. Kuna watu walipeleka dhahabu, ikarudishwa na kitambaa chake.

Kwa hiyo ilimlazimu awe mwanachama, na kila asubuhi alikuja. Kabla ya kupanda kinu alifagia ua, akateka mitungi kumi, akatwanga mpaka mabega yakawaka moto. Malengelenge yakamtoka viganjani, yakapasuka, yakatoka mengine.

"Kwanza tukupatie mgongo," Bi Rahima alimwambia. "Madaha baadaye."

Siku moja, huku bakuli limetulia kidogo, Radhiya akauliza, "Wewe ulifundishwa na nani?"

"Bibi mmoja. Mkali kuliko mimi."

"Hakuna mkali kuliko wewe."

"Nilikuwa na miaka minane. Nilisimama na sinia kichwani tangu wageni waanze kula mpaka wanawe mikono. Likitikisika, nalala na njaa." Akanywa funda la kahawa. "Wewe chakula wakila. Inua kidevu."

Wiki moja kabla uwanja haujafunguliwa, Bi Rahima akawaita wachezaji wake wote. Wakajipanga ukutani, hakuna aliyemsalimu Radhiya. Wengine walikuwa wamekunja mikono. Mmoja akatema tambuu karibu na kinu, si mbali na mguu wake.

Radhiya akapanda.

Bi Rahima akahesabu. Mikono ya Radhiya ikaenda, ikarudi, vidole vikafunguka na kufumba. Shingo ikapinda taratibu, upande huu, upande ule. Akamaliza ubeti wa kwanza, akamaliza wa pili. Katikati ya wa tatu Mwanaarabu akapiga ukelele, "Nyoka! Nyoka miguuni!"

Wanawake wawili wakaruka. Radhiya hakupepesa jicho. Jasho lilimteremka puani, likaning'inia, likadondoka, naye akaendelea mpaka ubeti wa mwisho.

Hapakuwa na kigelegele. Bi Rahima akainuka, akaja mpaka kwenye kinu, akatia kidole ndani ya bakuli. Maji yalikuwa bado yamejaa mpaka mdomoni.

"Utasimama mwisho wa bao," akasema. "Na usidhani nakupenda."

"Mimi pia sikupendi."

"Afadhali. Hilo tumelimaliza."

Radhiya akashuka. Akajifunga leso yake vizuri na kusimama wima mbele yao. "Basi harusini kwangu mtakuja?"

Bi Rahima akawatazama wenziwe mmoja mmoja, kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mmoja akaitikia kwa kichwa.

"Nenda kamwambie babako," akasema, "tutateza sote kumi na wawili, tuliokuwa wajakazi wake, na tutaingia kwa mlango wa mbele."