Pindo la Akiba

Mji mzima ulizitambua nguo za Mwanahawa kwa pindo lake. Kila gauni alilobuni lilikuwa na pindo pana la akiba, limekunjwa kwa nje bila kufichwa, na mabibi harusi waliligombania. Wao waliliona kuwa ni urembo. Yeye alilirithi kwa mama yake, Bi Rukia, aliyelea mabinti wanne kwa cherehani ya mkono, akifumua pindo kidogo kila mwaka ili gauni lilelile limtoshe mtoto aliyerefuka.

Leo Bi Rukia alisimama juu ya kigoda, akijaribu gauni la kuvaa kwenye harusi ya kitindamimba wake. Tangu achukuliwe vipimo vya gauni hilo, maradhi yalikuwa yamemla. Mabega ya gauni yalimteremka, na pindo likakifunika kigoda.

Mwanahawa alipiga magoti. Akabana pini huku, akabana kule. Gauni bado lilimpwaya.

"Kata hilo pindo, mwanangu."

"Nimekuachia akiba, mama. Ukipona utanenepa."

"Kata. Mimi nimeshamaliza kukua."

Akachukua mkasi. Tangu aanze kushona hakuwahi kukata pindo. Kuacha nafasi alifundishwa tangu utotoni. Kupunguza hakufundishwa na mtu. Mkasi ukafunguka, ukabaki wazi.

Juu ya kigoda, Bi Rukia akainua mikono, kama alivyowafundisha wanawe zamani kusimama wanapopimwa, akaanza kugeuka taratibu bila kuambiwa, na pindo lote likageuka naye.