Kiganja cha Bi Shemsa

Miaka thelathini Bi Shemsa alipima uwatu wa achari yake kwa kiganja. Asubuhi ile, kampuni ya ng'ambo iliyokinunua kiwanda chake ilimwekea mzani mdogo chini ya mkono.

"Mimina kama kawaida yako, mama," alisema Kilonzi, meneja waliyemleta.

Akamimina. Gramu arobaini na mbili. Akarudia, arobaini na mbili. Mara ya tatu, vilevile! Wafanyakazi wakampigia makofi, naye akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kilonzi akaiandika ile arobaini na mbili, akafunga daftari. "Wenye kampuni hununua viwanda, huviweka sawa, na baada ya miaka mitano huviuza. Na mnunuzi hataki kiwanda kinachomtegemea mtu mmoja."

Kicheko kikamwisha. "Kwa hiyo kesho nije saa ngapi?"

Kilonzi akainamisha macho. "Utaletewa barua nyumbani, mama."

Bi Shemsa akakitazama kiganja chake. Punje mbili za uwatu zilikuwa zimenasa kwenye mistari yake. Akazibandua taratibu, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya mzani mtupu, akasubiri.

Mzani ukabaki kwenye sifuri.