Habari za Balozi Aliyetekwa

Stambuli, mwalimu wa shule ya serikali, aliwasomea watu gazeti sokoni Morogoro, akida, msimamizi wa eneo lile kwa niaba ya serikali, na askari wakisikiliza. Balozi wa Kaisari wa Wajerumani alikuwa ametekwa na waasi katika nchi ya mbali. Gazeti liliwaka hasira, likitaka vijiji vyao vichomwe moto.

"Kumbe nao hukamatika!" mtu akasema miongoni mwa waliokaa miguuni pake.

Askari akainua kiboko. "Nani kasema?"

Stambuli aliijua sauti ile. Ilikuwa ya baba yake. Jasho la vidole likaanza kuchafua wino.

"Ni mimi, bwana. Nilikuwa nasoma tu. Yameandikwa humu."

Akida, aliyejua kusoma vizuri kuliko yeye, akanyoosha mkono.

"Lete nione."