Ngedere Aliyekataa Mkanda

Alikuwepo Ngedere mmoja, msimamizi wa mafundi kwenye jengo la ghorofa nne, asiyependa kufundishwa. Kobe, afisa usalama, akamletea mkanda ajifunge kabla ya kupanda.

“Mzee, wewe ngazi tu inakushinda, leo unifundishe mimi kupanda?” Ngedere akafoka. “Wajifunge wasio na mkia!”

Akapanda, akarukia ubao wenye zege bichi, akateleza, akaangukia lundo la mchanga na kuvunjika mguu.

Kobe akaja na fomu ya ajali. “Chanzo ni nini, bosi? Ubao, kamba au utelezi?”

“Mdomo,” akajibu Ngedere, akiugulia.

“Mdomo haumo humu.”

“Basi chora kisanduku chake, Mzee, utie tiki. Halafu wasomee vibarua wote kwa sauti kabla sijapelekwa hospitali, nami nisikie.”