Jiwe la Mababu wa Dubu

Katika milima ya Korea, Dubu mwenye majivuno alisimama mbele ya kaburi la kale, jiwe kubwa kama nyumba lililolazwa juu ya mawe mawili.

"Babu zetu waliliinua peke yao," aliwatangazia wanyama waliokusanyika. "Kwa hiyo nchi yote, hata ng'ambo ya mto, ni ya dubu. Simbamarara, hama!"

"Ushahidi uko wapi, mzee?" akauliza Korongo.

"Osheni tope, mtaona alama za makucha yao!"

Wakaosha. Alama za dubu zilikuwepo kweli. Karibu nazo zilikuwepo za simbamarara na za nguruwe mwitu. Lakini alama iliyozama kuliko zote ilikuwa ya mnyama asiyejulikana na yeyote.

Dubu akatia mguu wake ndani. Ukapwaya.

"Simbamarara, ndugu yangu," akanong'ona, "usiondoke. Huyu alikuwa nani?"